Mirathi ya Viboko

Mtu akifa na matanga yakaisha, wanaukoo hukaa kitako wakagawana alichokiacha. Nyumba ina mwenyewe. Shamba lina mwenyewe. Hata redio mbovu na baiskeli isiyo na mnyororo hupata wa kuvichukua, na pengine ndugu wakanuniana miaka mingi kwa ajili yake. Sasa hebu nikuulize, msomaji mwenzangu: marehemu akiacha viboko wanne bwawani, nani atawarithi?

Usicheke. Swali hilo limeihangaisha nchi ya Kolombia kwa zaidi ya miaka thelathini. Limefika mahakamani, limekula fedha za umma, limemwaga damu ya wanyama na ya watu pia. Na marehemu mwenyewe si mgeni kwetu. Anaitwa Pablo Escobar.

Jina hilo vijiweni linatajwa kama jina la shujaa. Lipo kwenye mikanda ya video, lipo kwenye fulana, lipo kwenye mistari ya wana-rap. Jamaa alitoka chini akawa tajiri wa kutisha, eti! Lakini ngoja nikwambie. Anayetaka kumjua bwana mkubwa asiishie sebuleni. Azunguke uani, aone kafuga nini, nani anakilisha, na siku bwana huyo akianguka nani ataachiwa mzigo. Historia ya matajiri na wanyama wao wa kigeni ni historia ya uani, na hiyo ndiyo ninayotaka tuipitie hapa.

BWANA WA NÁPOLES

Mwaka 1978 Escobar alikuwa kijana wa chini ya miaka thelathini, na tayari alikuwa na fedha zisizohesabika. Biashara yake ilikuwa unga, yaani kokeini, unaotoka Amerika ya Kusini kwenda Marekani. Mwaka huo akaanza kununua mashamba huko Puerto Triunfo, katika bonde la mto Magdalena, karibu na barabara kuu inayounganisha mji wa Medellín na mji mkuu Bogotá. Akaunganisha shamba na shamba hadi akapata eneo la hekta 3,000 hivi, akalipa jina Hacienda Nápoles. Juu ya lango akapandisha kindege kidogo. Watu wanasema ndicho kilichobeba mzigo wake wa kwanza wa unga kwenda ng'ambo. Mtu mwingine angekificha. Yeye akakianika langoni kama taji.

Ndani kulikuwa na uwanja wa ndege, mabwawa ya kuchimba, na masanamu ya saruji ya mijusi mikubwa ya kale. Halafu wakaja wanyama. Tembo, twiga, pundamilia, mbuni, ngamia, na viboko wanne walioletwa kutoka Marekani mwanzoni mwa miaka ya themanini: dume mmoja, majike watatu. Inasimuliwa kwamba safari moja serikali ilimnyang'anya pundamilia walioingizwa bila kibali, naye akatuma watu usiku wakawachukua, na mahali pao wakaacha punda waliopakwa rangi ya mistari. Hadithi tamu hiyo, na ndivyo Escobar alivyopenda asimuliwe.

Lango lilikuwa wazi kwa wananchi, tena bure. Familia zilikuja na watoto kutazama twiga. Mwaka 1982 Escobar akachaguliwa kuwa mjumbe wa akiba wa bunge. Nani asingemchagua mtu aliyemwonyesha mwanawe tembo kwa mara ya kwanza?

Lakini fedha iliyowalisha tembo hao ilikuwa na harufu. Tarehe 30 Aprili 1984 waziri wa sheria, Rodrigo Lara Bonilla, aliyethubutu kumtaja hadharani, aliuawa kwa risasi ndani ya gari lake. Tarehe 27 Novemba 1989 bomu liliilipua ndege ya abiria ya shirika la Avianca ikiwa angani. Watu wote 107 waliokuwa ndani walikufa, na wengine watatu chini ilikoanguka. Hapo sijahesabu polisi, mahakimu, waandishi wa habari na wapita njia. Tarehe 2 Desemba 1993 zamu yake ikafika. Askari walimpiga risasi juu ya paa la nyumba mjini Medellín, siku moja tu baada ya kutimiza miaka 44.

Serikali ikataifisha shamba. Watu wakavamia jumba wakang'oa sakafu na kubomoa kuta wakitafuta fedha zilizofukiwa. Na wanyama? Hapa ndipo somo letu linapoanza. Waliobebeka walibebwa: wengi walipelekwa kwenye bustani nyingine za wanyama. Wengine walikufa palepale kwa kukosa wa kuwatunza. Viboko hawakubebeka. Kiboko dume aweza kufika tani mbili na zaidi, ana meno ya kumkata mtu vipande viwili, na mchana kutwa yuko majini. Kila ofisa aliyefika akalitazama lile bwawa, akatikisa kichwa, akaenda zake.

Basi viboko wakarithiwa na bwawa.

HESABU ILIYOWASHINDA WAKUBWA

Sisi Waafrika ya Mashariki tunamjua kiboko, kwa hiyo tunaweza kuelewa yaliyofuata kuliko wengine. Kwetu kiboko ana maadui, na adui mkubwa kuliko simba ni kiangazi. Nenda Katavi, mto Katuma, wakati jua limekolea. Maji yanakauka, viboko mamia wanabanana katika dimbwi la tope, madume wanaumana hadi kuuana, na wengine hawaioni masika. Au tazama mto Ruaha Mkuu. Kuanzia mwaka 1993, mwaka uleule aliokufa Escobar, mto ule ulianza kukauka kila kiangazi ndani ya hifadhi, kwa kuwa maji mengi yalichotwa juu, huko Usangu, kwa kilimo cha mpunga. Kiboko wa Ruaha akabaki anatafuta dimbwi.

Kule Magdalena mwenzake alikuwa peponi. Mvua ipo, nyasi zipo mwaka mzima, mto haukauki. Simba hakuna, fisi hakuna. Kiboko jike hubeba mimba kwa miezi minane tu, na watafiti wanaamini kwamba kule majike huanza kuzaa mapema kuliko wa Afrika. Kwa hiyo wanne wakawa kumi, na mwaka 2007 walikuwa wamefika 16. Mabwawa yakawa madogo, madume vijana wakafukuzwa na madume wakubwa, wakatoka shambani usiku, wakaingia mtoni.

Mwaka 2009 dume mmoja aliyepewa jina Pepe alikutwa mbali sana na Nápoles, karibu na Puerto Berrío, akiwa na jike na ndama. Wakuu wa mazingira wakatoa kibali auawe. Wawindaji wakampiga, askari wakapiga picha wamesimama nyuma ya mzoga, na picha ikasambaa nchi nzima. Wananchi wakaja juu. Watu walewale waliovumilia miaka mingi ya mauaji ya binadamu wakaandamana kwa ajili ya kiboko! Mimi siwabezi. Pengine walikuwa wamechoka kuona askari wamesimama juu ya maiti, na huyu alikuwa maiti asiye na kosa. Hakimu akapiga marufuku uwindaji huo.

Ikabaki njia ya kuhasi. Jaribu kuwazia kazi yenyewe: umpige kiboko sindano ya usingizi akiwa nchi kavu, maana akilalia majini atazama afe, umfunge, kisha daktari apasue na kutafuta, kwa kuwa kiboko dume hana korodani za kuning'inia, zimejificha ndani. Kazi ya saa kadhaa, watu wengi, mashine ya kunyanyua vitu vizito. Mwaka 2023 wizara ilisema gharama ya kumhasi kiboko mmoja ni karibu dola 10,000. Mwaka 2021 ilijaribiwa pia dawa ya kuzuia mimba, msaada kutoka Marekani, inayopigwa kwa bunduki ya sindano. Viboko wakaendelea kuzaa kuliko sindano zilivyokwenda. Mwaka 2022 serikali ikawatangaza rasmi kuwa viumbe wageni waharibifu. Mwaka 2023 ikahesabu viboko 169, na wataalamu wakaonya kwamba wakiachwa hivihivi watapita 1,000 ifikapo 2035.

Wenzangu watauliza: si warudishwe kwao Afrika? Wataalamu wamejibu hapana. Wote hawa ni uzao wa dume mmoja na majike watatu, damu imejirudia mno, na wanaweza kuleta huku maradhi ambayo viboko wetu hawayajui. Ona jambo hilo lilivyo zito. Mnyama ametolewa katika ukoo wake, amezaliana ugenini, na sasa ni mgeni kotekote. Kule wanamwita mvamizi, na kwao hawezi kupokelewa.

SI MAJAMBAZI PEKE YAO

Pengine unasema, hayo ni ya wauza unga, watu wa heshima hawafanyi hivyo. Twende California basi, tukamwone mtu wa heshima.

William Randolph Hearst alikuwa mwenye magazeti, tena magazeti mengi kuliko mtu yeyote Marekani enzi zake. Mwaka 1919 alianza kujenga kasri juu ya kilima huko San Simeon, kando ya bahari ya Pasifiki, na miaka ya ishirini akaanza kukusanya wanyama. Kulikuwa na dubu, simba, chui, tembo, twiga, na makundi ya pundamilia na swala wakilisha mabondeni. Ilisemekana hakuna mtu binafsi duniani mwenye bustani ya wanyama kubwa kama yake. Wageni wake, wacheza sinema na wanasiasa, walipopanda kilima kwa magari walikuta vibao barabarani vikiwaambia kwamba wanyama ndio wenye haki ya kupita kwanza.

Haki hiyo ilidumu hadi fedha zilipoyumba. Mwaka 1937 madeni yalimbana Hearst, wasimamizi wakaingia, wakaanza kupunguza matumizi. Wakapitia orodha: picha za kuchora, vyombo vya fedha, dubu, simba. Wanyama wakaanza kuuzwa na kugawiwa kwa bustani za umma. Kuwakamata wote hawakuweza. Pundamilia na wengine wachache wakabaki katika ranchi, wakazaliana, na kundi la pundamilia likafika zaidi ya mia moja. Mpaka karne hii wasafiri wa barabara ya pwani wamekuwa wakisimamisha magari kuwatazama, wanachanganyika na ng'ombe kama ndugu. Lakini mwanzoni mwa mwaka 2011 wachache walivuka wakaingia kwenye mashamba ya majirani. Wakapigwa risasi. Pundamilia hajui kusoma mipaka ya hati.

Mwaka huohuo wa 2011, upande mwingine wa Marekani, likatokea jambo baya kuliko yote niliyoyasoma katika historia hii. Mahali panaitwa Zanesville, jimbo la Ohio. Terry Thompson hakuwa Escobar wala Hearst. Alikuwa mtu wa kawaida aliyepigana vita vya Vietnam, ana shamba, ana madeni, na ndo kwanza alikuwa ametoka jela kwa kosa la silaha. Lakini shambani alikuwa na wanyama wakali 56. Sheria za Ohio za wakati huo zilikuwa legevu mno, mtu aliweza kumnunua mtoto wa chui milia kama anavyonunua mbwa.

Jioni ya tarehe 18 Oktoba 2011 Thompson alifungua vizimba vya wanyama 50, kisha akajiua. Majirani wakaona simba barabarani. Polisi wa wilaya wakafika jua linazama, karibu na makazi ya watu, wakiwa na bastola na bunduki. Bunduki za usingizi hawakuwa nazo, na hata wangekuwa nazo, giza lilikuwa linaingia. Wakapiga. Usiku ule na asubuhi yake waliua wanyama 48, wakiwemo chui milia 18 na simba 17. Tumbili mmoja hakuonekana, ikadhaniwa ameliwa. Waliobaki vizimbani walikuwa sita tu. Mizoga ikafukiwa palepale shambani.

Fikiria, simba 17 katika usiku mmoja, na hakuna mwindaji aliyewataka wala mfugaji waliyemla ng'ombe wake. Kosa lao ni kwamba mwenye ufunguo alikata tamaa. Mwaka uliofuata Ohio ikatunga sheria ya wanyama hatari, na Desemba 2022 Marekani nzima ikapata sheria ya kuzuia watu binafsi kufuga paka wakubwa, yaani simba, chui milia na wenzao. Sheria hufika, lakini mara nyingi hufika kama jirani anayekuja na ndoo nyumba imekwisha kuteketea.

Historia ina kejeli zake. Oktoba 2021, miaka kumi kamili baada ya usiku ule, mahakama ya shirikisho katika jimbo hilohilo la Ohio ilitoa amri iliyoshangaza dunia. Kulikuwa na kesi nchini Kolombia ya kuwatetea viboko wa Escobar wasiuawe, na mawakili walitaka ushahidi wa wataalamu wawili wanaoishi Ohio. Mahakama ikakubali, ikawachukulia viboko kuwa watu wenye maslahi katika kesi. Ilikuwa mara ya kwanza kwa wanyama kutambuliwa hivyo Marekani. Amri hiyo haikuifunga Kolombia kwa lolote, lakini ona maajabu: mahali ambapo simba 17 walifukiwa shimoni bila wa kuwasemea, kiboko wa ng'ambo akapata wakili.

WALIOPONEA KWA TAJIRI

Nisiandike upande mmoja tu, maana mwandishi wa historia si mpiga debe. Wapo wanyama waliookolewa na matajiri, na haki yao lazima tuwape.

Kusini ya Beijing kulikuwa na bustani ya mfalme wa China iliyozungushiwa ukuta. Ndani yake aliishi mnyama mwenye pembe za matawi na kwato pana, Wachina humwita milu. Porini alikwishatoweka, waliobaki walikuwa nyuma ya ukuta ule. Mwaka 1865 padri Mfaransa, Armand David, aliwaona, na baadaye wachache wakapelekwa Ulaya. Mwaka 1895 mafuriko yaliubomoa ukuta, milu wakatoka, na wananchi waliokuwa na njaa wakawala. Mwaka 1900, katika vita vya Mabondia, wakaangamia waliosalia. Mwisho wa milu China ukawa huo.

Huko Uingereza, Duke wa Bedford alikuwa amewakusanya milu 18 kutoka bustani mbalimbali za Ulaya, akawaweka katika shamba lake la Woburn. Wote waliopo duniani leo ni uzao wa hao. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia warithi wake wakawagawa kwa bustani nyingine, ili shamba moja likipatwa na janga wasiishe wote. Mwaka 1985 kundi likarudishwa Beijing, kwenye ardhi ileile ya babu zao.

Sasa linganisha. Mfalme wa China alikuwa tajiri kuliko Duke. Escobar alikuwa tajiri. Hearst alikuwa tajiri. Kwa hiyo utajiri peke yake haukuwa dawa. Kilichomwokoa milu ni kwamba Woburn palikuwa na mtu wa kesho: aliyeandika idadi, aliyewagawa, aliyejua kwamba yeye atakufa na mnyama atabaki. Mwenye kumfuga kiboko wa miaka arobaini bila kufikiria siku ya kifo chake mwenyewe amejifanya Mungu. Na siku ikifika, nakuhakikishia, hatapatikana wa kumwuliza.

NA SISI JE?

Haya hayako mbali nasi kama yanavyoonekana. Novemba 2010 ndege ya jeshi la Qatar iliruka kutoka Uwanja wa Kilimanjaro ikiwa na wanyama hai zaidi ya mia moja, wakiwemo twiga wanne. Twiga! Mnyama wa taifa letu, aliye kwenye nembo ya ndege zetu na aliyewahi kuwa kwenye alama ya maji ndani ya noti. Mwaka 2014 mahakama mjini Moshi ilimhukumu mtu mmoja, raia wa kigeni, miaka 60 jela, lakini hukumu ilisomwa yeye hayupo, alikwishatoroka. Vijiweni tulibishana sana kuhusu nani kala mshiko. Wachache tuliuliza twiga wale wanne wataishia wapi siku mwenye bustani atakapowachoka, au atakapofilisika, au atakapokufa. Kila anayetoa mnyama porini na kumweka nyuma ya lango la mtu mmoja anayafunga maisha ya mnyama huyo kwenye pumzi ya mtu huyo.

Na mzigo ukianguka hauangukii sebuleni. Nápoles yenyewe imefanywa bustani ya starehe, watalii wanalipa kiingilio, na mjini karibu na hapo wanauza vikaragosi vya viboko. Hao wanafaidi, na siwaonei wivu. Mtu lazima ale. Lakini mvuvi wa Magdalena hauzi vikaragosi. Yeye anaingia na mtumbwi mwembamba katika maji yenye mnyama ambaye babu yake hakumjua, wala hana methali wala mwiko wa kumfundisha jinsi ya kumwepuka. Mwaka 2020 mkulima mmoja aliyekwenda kuchota maji alishambuliwa na kujeruhiwa vibaya. Aprili 2023 gari liligonga kiboko usiku kwenye barabara kuu, na kiboko akafa. Samadi ya viboko inamwagika katika mabwawa usiku na mchana, na watafiti waliolinganisha mabwawa yenye viboko na yasiyo nao waliona maji yamebadilika, rutuba imezidi na mwani wa sumu umepata nguvu. Nguva wa mtoni, aliyekuwepo pale kabla ya Wahispania, hana wakili Ohio.

Mwaka 2023 zilitangazwa njia tatu: kuhasi, kuwapeleka wengine nchi kama India na Mexico, na wengine kuuawa. Septemba 2024 mahakama ya Cundinamarca ikaitaka wizara iweke kanuni za kuwatokomeza. Miaka thelathini na moja baada ya marehemu kuzikwa, walipa kodi walikuwa bado wanagawana mirathi yake: huyu sindano, yule risasi, yule bili. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, walisema wahenga. Escobar aliuona mwepesi kwa kuwa hakuubeba yeye.

Sisi vijana wa mjini tukimsifia mtu tunasema, "Yule ni kiboko!" Wazee wetu walilijua neno hilo kwa mgongo. Kiboko ulikuwa mjeledi uliokatwa kutoka ngozi ya mnyama huyohuyo, na wakati wa Mjerumani mtu alilazwa chini akahesabiwa hamsa ishirini. Kwa hiyo anayesema Escobar alikuwa kiboko hajakosea. Ni suala la nani alikishika na nani alichapwa.

Nawaambia hasa ninyi wenzangu mnaoandika, mlio na madaftari ya riwaya chini ya godoro. Tunapenda kuandika juu ya bwana mkubwa: gari lake, bastola yake, wanawake wake. Anavutia, sikatai. Lakini katika kila riwaya ya namna hiyo kuna mtu anayepita na ndoo alfajiri kwenda kulisha wanyama. Yeye ndiye anayejua kiboko yupi mgonjwa, na mshahara umechelewa miezi mingapi. Siku helikopta za serikali zikitua, bwana mkubwa atakuwa juu ya paa akikimbia. Mwenye ndoo atakuwa bado bwawani, amesimama, anahesabu, na viboko wanne wanamtazama wakingoja chakula. Mwandikeni huyo.